Kutoka Barazani Wete Mpaka Geneva: Mwongozo Kamili wa Kufikisha Suala la Zanzibar Mbele ya Mataifa

Tanzania imeshaambiwa Geneva, kwenye Umoja wa Mataifa, zaidi ya mara moja na kwa vinywa vya nchi nyingi, iirekebishe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ili msichana asiozwe akiwa bado mtoto. Pendekezo hilo ni zuri, na waliolipigania Bara wamefanya kazi kubwa. Lakini sheria hiyo haina nguvu Zanzibar, na haijawahi kuwa nayo. Ndoa za Waislamu wa visiwani zinakwenda kwa sheria ya dini na Mahakama ya Kadhi. Hata Bunge likiibadili sheria ile kesho asubuhi, mtoto wa kike wa Micheweni, Pemba, atabaki pale pale alipokuwa jana.

Sisi tunaofanya kazi za msaada wa sheria Pemba tumeliona hili likijirudia. Suala letu linapanda ndege kwa jina la Tanzania, na likishafika huko halina tena dalili ya kisiwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya jumuiya ndogo, ya wanawake wa Wingwi au ya wazazi wa watoto wenye ulemavu Mkoani, isiyo na ofisi ya maana wala fedha za safari, lakini ina jambo inalolijua kuliko mtu mwengine yeyote duniani.

Chombo chenyewe, kwa ufupi

Machi 15, 2006 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 60/251 lililounda Baraza la Haki za Binadamu, lenye nchi wanachama 47 na makao yake Geneva, Uswisi. Azimio hilohilo lilianzisha utaratibu ambao kila nchi, zote 193, inakaa kitako mbele ya wenzake na kuulizwa kuhusu haki za watu wake. Serikalini wanayaita mapitio ya haki za binadamu ya kila kipindi. Kwenye asasi watu wanasema tu UPR. Zamu ya nchi hurudi kila baada ya miaka minne na nusu hivi au mitano. Tanzania ilikaa Oktoba 2011, Mei 2016 na Novemba 2021.

Wanaouliza ni mabalozi, si majaji. Hii ni diplomasia tupu: nchi inaiambia nchi nyengine "tunapendekeza mfanye hivi", na inayoambiwa inajibu pendekezo kwa pendekezo, ama imelikubali ama "imelizingatia", neno la adabu la kuliweka kando. Hakuna polisi wa kumkamata aliyekubali kisha asitekeleze. Nguvu iliyopo ni kwamba jibu limeandikwa, kila mtu anaweza kulisoma, na zamu ijayo litaulizwa tena.

Kabla ya kuanza: "mnaisema nchi nje"

Utaambiwa hivyo. Atakwambia sheha, au mjomba wako, au mwanakamati wenu mwenyewe: haya ni mambo ya ndani, kwa nini muyapeleke kwa wageni? Swali hili linastahili jibu la heshima, maana wazee wetu wana sababu ya kumtazama mara mbili mgeni anayekuja na maneno ya haki.

Nenda Mkunazini, Mjini Unguja. Juni 5, 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, baada ya kubanwa na Uingereza kwa maneno ya balozi wake mdogo, John Kirk, na kwa tishio la manowari. Mahali pa soko lile pakajengwa kanisa la Anglikana. Soko likafungwa, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali mpaka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake. Masuria walisubiri mpaka 1909. Na katikati ya hayo, mwaka 1890, Uingereza ilikuwa imeshavitia visiwa hivi chini ya himaya yake. Haki ilikuja, lakini ilikuja nusunusu, na aliyeileta alijilipa.

Mimi nikimjibu mjomba humwambia hivi: kasoro ya 1873 haikuwa kwamba wageni walisema. Kasoro ni kwamba wenye jambo hawakuwa na kalamu mkononi. Ndiyo maana mwongozo huu wote ni wa kushika kalamu.

Halafu humkumbusha upande wa pili. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya watu wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Mzanzibari mwenzetu, Dk. Salim Ahmed Salim, alikuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa kuanzia 1970, akaongoza kamati ya umoja huo ya kuondoa ukoloni, na 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu. Tuliwasemea watu wa nchi nyengine mbele ya mataifa, na hatukuona kuwa tunaingilia mambo yao ya ndani. Sioni kwa nini mama wa Kiuyu akatazwe mlango ambao nchi yake mwenyewe ilisaidia kuufungua.

Hatua ya kwanza: jua jambo lako ni la serikali ipi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapopotea.

Zanzibar iliingia Umoja wa Mataifa Desemba 16, 1963, siku sita baada ya uhuru, ikiwa nchi kamili yenye kiti chake. Baada ya Muungano wa Aprili 26, 1964 viti viwili vikawa kimoja. Tangu hapo mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, na hili si la maneno tu: Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwishoni mwa 1992, na 1993 ikabidi ijitoe, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo Geneva anayekaa mezani ni Tanzania, na pendekezo linaelekezwa kwa Tanzania.

Lakini mengi yanayowaumiza watu wetu si ya Muungano. Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Upande mmoja andika polisi, uhamiaji, ulinzi, elimu ya juu, Mahakama ya Rufani. Upande wa pili andika skuli, hospitali, ardhi, Mahakama za Kadhi, mahakama nyengine zote mpaka Mahakama Kuu ya Zanzibar, Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, Chuo cha Mafunzo (ndilo jina la jela kwetu), mambo ya watoto, mambo ya watu wenye ulemavu, mikoa, wilaya na shehia. Upande huu wa pili ni wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, yaani SMZ.

Sasa fuata kesi moja ya udhalilishaji wa mtoto, yaani ukatili wa kijinsia, kwa kidole juu ya karatasi hiyo. Upelelezi ni wa polisi, yaani Muungano. Mtoto anapimwa kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, na hospitali ni ya SMZ. Mashtaka yanafunguliwa na Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar. Kesi inasikilizwa katika mahakama maalumu za udhalilishaji zilizoanzishwa Zanzibar mwaka 2021. Mtuhumiwa akitiwa hatiani anakwenda Chuo cha Mafunzo, si jela ya Bara. Na rufaa ikifika mwisho inavuka tena kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kesi moja imepita serikali mbili, na imevuka mstari wako mara mbili. Ukiandika tu "serikali ishughulikie udhalilishaji", kila upande utamtazama mwenzake.

Tena si kila mara tuko nyuma ya Bara. Mwanafunzi aliyejifungua alizuiwa kurudi skuli za serikali Bara mpaka Novemba 2021, lakini Zanzibar ilikuwa imeshamruhusu tangu 2010. Balozi asiyelijua hilo ataitaka Zanzibar ifanye jambo ililokwishalifanya, na ataacha kuuliza swali lililobaki: je, binti anaporudi, anamkuta nani mlangoni, na mtoto wake anamwachia nani?

Kwa hiyo kabla ya kuandika herufi moja, tafuta jina la sheria na mwaka wake. Bara ina Sheria ya Mtoto ya 2009. Zanzibar ina yake, ya 2011. Bara ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu 2010. Zanzibar ilikuwa na yake tangu 2006. Usione haya kuuliza. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992 na kina watu Chake Chake. Wasaidizi wa sheria wapo shehiani kwako. Mwenye kujua sheria ipi inamhusu ameshamaliza nusu ya kazi.

Hatua ya pili: jambo moja, na daftari lake

Mara ya kwanza tulipojaribu, tuliandika kila kitu: maji, ardhi, skuli, udhalilishaji, bei ya karafuu, barabara. Kurasa nyingi, hasira nyingi, tarehe hata moja hakuna. Haikufika popote, na nikiisoma leo naona kwa nini. Msomaji wa Geneva ana ripoti za nchi nzima mezani. Anataka kujua jambo gani, limetokea wapi, lini, mara ngapi, na nani alitakiwa kulizuia.

Lililotufundisha ni mama mmoja. Anapotoka na jambo lenyewe nimeyabadili kidogo, kwa sababu nitakayoieleza. Alikuwa shahidi katika kesi ya mtoto wa ndugu yake. Kufika mahakamani kulimlazimu kuvuka bahari kwa dau asubuhi ya giza, kisha gari. Mara ya kwanza kesi iliahirishwa, hakimu hayupo. Mara ya pili daktari hakuja. Mara ya tatu alituonesha kitambaa alichofungia pesa, amekifungua kiko kitupu, akasema: "Mwanangu, nikija tena hawa wadogo watakula nini?" Hakuja. Kesi ikaondolewa kwa kukosa ushahidi, na mtuhumiwa akarudi kijijini.

Baada ya hapo tulinunua daftari la kawaida, lile la skuli la kurasa 96, tukalipiga mistari. Safu ya tarehe. Safu ya hatua ya kesi. Safu ya nani hakuja. Safu ya sababu, kwa maneno ya mwenyewe. Safu ya gharama ya siku ile, nauli na chakula. Kila aliyekwenda mahakamani kumsindikiza mtu alirudi akajaza mstari mmoja. Hatukuongeza chumvi wala kukisia. Baada ya miezi kadhaa daftari likaanza kusema lenyewe: safu ya sababu ilikuwa ikirudia neno moja, nauli.

Jambo lenye kubeba pendekezo ni la namna hiyo. "Udhalilishaji Zanzibar" ni kichwa cha habari tu. Nauli ya shahidi ni kitu ambacho serikali inaweza kukifanya kabla ya mwaka wa fedha kwisha.

Sasa ile sababu. Ripoti mtakayoipeleka itawekwa kwenye mtandao wa Umoja wa Mataifa, itasomeka na kila mtu. Pemba ni ndogo. Ukiandika "mtoto wa kike wa darasa la tano, shehia fulani, babake mvuvi", hujamtaja jina, lakini kijiji kizima kimeshamjua. Ondoa shehia, andika wilaya. Ondoa darasa, andika umri kwa makadirio. Mueleze mhusika, kwa Kiswahili cha nyumbani, karatasi itakwenda wapi na nani ataisoma, na akikataa basi ni mwisho, hata kama kisa chake ndicho kizito kuliko vyote. Daftari lenye majina halisi lifungiwe kwa mtu mmoja mwenye amana, na lisipigwe picha kwa simu.

Kama jambo haliwezi kusubiri

Mapitio haya ni ya polepole. Mtu akiwa kizuizini leo, au mtoto yumo hatarini usiku huu, usiketi kuandika ripoti. Nenda kwa wakili, nenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya 2001 na ambayo ina ofisi Zanzibar. Wapo pia wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wanaopokea barua ya mtu mmoja mmoja na kuiandikia serikali.

Milango ya kesi nayo ina masharti yake. Mahakama ya Afrika iko Arusha, karibu kabisa, lakini Tanzania ilijitoa Novemba 2019 katika tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua kesi moja kwa moja, na mlango huo ukafungwa kwa kesi mpya mwaka mmoja baadaye. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, hapohapo Arusha, bado inampokea mwananchi, ila inampa miezi miwili tu tangu tukio. Kwa mambo ya wanawake kuna kamati ya mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake: mwaka 2015 iliwapa haki wajane wawili wa Bara walionyimwa mirathi kwa sheria ya kimila. Huko lazima kwanza uoneshe kuwa mahakama za nyumbani umezimaliza au zimekuchosha.

Hatua ya tatu: tafuta wenzako

Jumuiya yoyote inaweza kupeleka ripoti. Si lazima iwe na hadhi maalumu ya Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, ungana na wengine. Ripoti ya pamoja inaruhusiwa maneno mara mbili, na jina la mtu mmoja halibaki peke yake kwenye jua. Waulize jumuiya za Unguja, na waulize wa Bara pia, ila kwa sharti moja ambalo usiliachie: Zanzibar iwe na sura yake ndani ya ripoti, si sentensi moja mwishoni inayosema "hali kama hiyo ipo pia Zanzibar".

Hatua ya nne: kuandika

Kikomo ni maneno 2,815 kwa ripoti ya jumuiya moja, na 5,630 kwa ripoti ya pamoja. Inapelekwa kwa mtandao, vyema iwe kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, na mwisho wa kupokea huwa miezi mingi kabla ya siku ya mapitio. Tarehe hutangazwa kwenye ukurasa wa Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu. Iangalie tangu sasa, uiandike ukutani. Ofisi hiyo itachuja ripoti zote za asasi na kuzifupisha kuwa waraka mmoja mfupi, utakaokaa mezani pamoja na ripoti ya serikali na ule wa taarifa za vyombo vya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo sentensi yako ikiwa ndefu na yenye mapambo, itakatwa. Iandike fupi mwenyewe.

Kiingereza kisiwatishe. Andikeni Kiswahili kwanza, wote mkiwa mmekaa, mkishakubaliana ndipo mumpe wa kutafsiri. Anayeanza na Kiingereza huishia kuandika anachoweza kukisema badala ya anachokitaka.

Anza na ahadi zilizokwishatolewa. Tanzania imekubali mikataba: ile miwili mikubwa ya haki za kiraia na za kiuchumi tangu 1976, wa wanawake 1985, wa mtoto 1991, wa watu wenye ulemavu 2009. Kisha tafuta mapendekezo ya 2021 yanayogusa jambo lako. Yalikuwa zaidi ya 200, na yote yanasomeka pamoja na majibu ya serikali. Kama moja lilikubaliwa, sema: lilikubaliwa, na haya ndiyo tuliyoyaona Pemba tangu hapo. Yakiwapo mazuri yaseme pia. Mahakama maalumu za udhalilishaji ni hatua ya kweli, na ripoti isiyoitaja itaonekana ina chuki.

Halafu pendekezo lenyewe. Siku tuliyoliandika letu tulikaa barazani Wete tangu baada ya Adhuhuri mpaka Magharibi, wanawake saba, birika la chai, na karatasi moja. La kwanza lilisomeka hivi: "Serikali iongeze juhudi za kupambana na udhalilishaji." Bibi mmoja, hajui kusoma, akauliza: "Na tutajuaje kama wameongeza?" Tukalifuta. La pili: "Serikali iwasaidie mashahidi." Yeye tena: "Serikali ipi? Kwa nini wasiseme nauli?" Mpaka jua linazama tukawa na hili:

*Tanzania, kwa kushirikiana na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, itenge katika bajeti ya kila mwaka fungu la nauli na chakula kwa mashahidi wa kesi za udhalilishaji Unguja na Pemba, na itangaze kila mwaka idadi ya kesi zilizoondolewa kwa kukosa mashahidi.*

Litazame vipande vyake. Limetaja Tanzania, kwa sababu ndiyo iliyoko mezani. Limetaja SMZ, kwa sababu bajeti ya mahakama hizo ni yake. Limetaja kitu kinachoshikika. Na kipande cha mwisho ndicho jibu la yule bibi: idadi ikitangazwa, tutajua. Mapendekezo matatu ya namna hii yanatosha. Kumi ni mengi.

Hatua ya tano: mabalozi

Jumuiya nyingi hupeleka ripoti kisha zikakaa kungoja. Ripoti peke yake haisemi. Inayosema ni nchi, na nchi husema kile ambacho afisa mmoja wa ubalozi amekiandika kwenye karatasi ya dakika moja. Piga hesabu: kikao kizima ni saa tatu na nusu. Nchi inayopitiwa inachukua dakika 70, zinabaki 140 kwa nchi nyengine zote. Zikiomba kusema nchi 100, kila moja inapata dakika moja na sekunde 24. Humo kuna salamu, pongezi, na nafasi ya mapendekezo machache. Kazi yako ni kumpa afisa yule sentensi iliyokwishakamilika, asiwe na la kufanya ila kuinakili.

Anza miezi mitatu au minne kabla. Karatasi moja, upande mmoja: jambo, ushahidi kwa mistari michache, pendekezo, na sheria ya Zanzibar inayohusika. Usitume kwa kila ubalozi uliopo Dar es Salaam. Chagua kwa kutazama nani hulisimamia jambo hilo Umoja wa Mataifa. Canada huongoza maazimio ya ukatili dhidi ya wanawake kwenye Baraza la Haki za Binadamu. Zambia na Canada ndizo huongoza azimio la ndoa za utotoni katika Baraza Kuu. Mexico na New Zealand hubeba ya watu wenye ulemavu, Ujerumani na Hispania ya maji safi, Uruguay pamoja na Umoja wa Ulaya ya watoto.

Tuna tabia ya kukimbilia Wazungu peke yao, na naiona ni kosa. Zambia ni jirani, na neno la jirani Mwafrika halipokewi kama neno la mfadhili. China, India na Oman zina ofisi zao za kibalozi papo hapo Unguja, boti tu kutoka Pemba. Jambo la mahakama ya kadhi au mirathi likisemwa na nchi ya Kiislamu, hakuna atakayeweza kusema dini inashambuliwa. Jaribu. Wakikataa, hujapoteza ila nauli ya boti.

Ukipata miadi, utapewa nusu saa, na huenda ikawa dakika ishirini. Nendeni wawili, mmoja awe yule aliyejaza daftari. Vaa kama unavyovaa, sema Kiswahili ukitaka na mwenzako atafsiri. Usiombe fedha katika mkutano huo, hata kidogo, hata ukiulizwa. Utageuka muombaji, na pendekezo litasahaulika. Kabla ya kuinuka, uliza waziwazi: "Je, mtaweza kulisema hili?" Kisha mwandikie siku ya pili kumshukuru, na kuibandika sentensi ile tena.

Takriban mwezi mmoja kabla ya kikao, asasi iitwayo UPR Info huandaa Geneva mikutano ambapo asasi za nchi husika huzungumza na mabalozi. Kama muungano wenu unampeleka mtu, karatasi yenu na iwemo mkobani mwake.

Na serikali yenyewe? Iende karatasi hiyohiyo, bila kuficha neno. Ipelekwe Ofisi ya Rais inayosimamia Katiba, Sheria, Utumishi na Utawala Bora hapa Zanzibar, na Wizara ya Katiba na Sheria upande wa Muungano. Ofisa wa serikali aliyelisoma pendekezo mapema, akaona ni nauli na si matusi, ni rahisi kwake kumshauri mkubwa wake alikubali.

Siku yenyewe

Kikao kinarushwa moja kwa moja na televisheni ya mtandaoni ya Umoja wa Mataifa. Kikianza saa 3 asubuhi Geneva wakati wa baridi, kwetu ni saa 5. Tafuteni skuli au nyumba yenye intaneti, mkae pamoja, mtu mmoja aandike jina la kila nchi na alichokisema kuhusu jambo lenu au kuhusu Zanzibar. Jina la kisiwa likitajwa mara moja tu, andikeni ni nani aliyelitaja.

Baada ya hapo

Serikali ina miezi kadhaa ya kujibu, kisha matokeo hupitishwa rasmi katika kikao cha Baraza zima. Hapo asasi nazo huzungumza, ila zenye hadhi ya Umoja wa Mataifa tu, kwa hiyo mtahitaji mwenzenu wa kuwasemea. Miezi hii ya kungoja jibu ndiyo ya kugonga milango nyumbani, kwa sababu uamuzi wa kukubali au kuweka kando bado haujafungwa.

Pendekezo likiwekwa kando, liwekeni kwenye faili; zamu ijayo mtalipeleka tena na daftari nene zaidi. Likikubaliwa, litafsirini siku hiyohiyo kwa Kiswahili, karatasi moja, herufi kubwa, na tarehe. Mpelekeeni mwakilishi wa jimbo lenu kabla ya mwezi Mei, maana bajeti ya SMZ husomwa katika Baraza la Wawakilishi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Mwambieni aulize swali moja tu: fungu la nauli za mashahidi liko ukurasa gani? Akijibiwa halipo, mwaka ujao aulize tena. Mpelekeeni nakala mkuu wa wilaya na masheha. Katikati ya kipindi, baada ya miaka miwili na nusu hivi, andikeni ripoti fupi ya maendeleo na muitume kwa balozi zilizosema, maana nazo hupenda kujua kama maneno yao yalifika.

Daftari lisifungwe. Mistari iendelee kujazwa wiki hadi wiki, na safu ile ya sababu iangaliwe kama neno nauli linapungua.

Na nakala ya kwanza kabisa ya ile karatasi, kabla ya mwakilishi na kabla ya mkuu wa wilaya, ichukueni kwa mkono kwa yule aliyewapa kisa chake. Kama ni kuvuka kwa dau, vukeni. Mkae naye mkekani, mumsomee sentensi yote mpaka mwisho, na mumuulize kama ndivyo alivyosema.